Habari za Theonest wa Kiwalani na Kiti cha Washauri

Enyi mliokaa, kaeni vizuri. Nanyi mliosimama, egemeeni ukuta, maana habari hii ni ndefu na sehemu yake kubwa ni ya wima. Sogeeni, wake kwa waume, watu wa Temeke na wa Kiwalani, na hata nyie wa Kinondoni mnaojiona mko mjini zaidi ya wenzenu, mje msikie mambo yaliyotendeka kandokando ya barabara ya Pugu, mwaka ule Malkia wa Waingereza alipotawazwa, siku ya Alhamisi, baina ya saa tatu za asubuhi na saa saba za mchana. Wenye elimu wameandika tarikhi za vita, na za masultani walioteka miji kisha wakaipoteza. Mimi nawaandikieni tarikhi ya mtu aliyekaa kitini. Anayetaka kucheka asicheke kwanza. Akasimame nusu siku katika viatu vya mtu mwingine, kisha arudi acheke.

Namwomba Mola, aliyemwumbia mwanadamu goti makusudi lipate kukunjika, anipe ulimi usiokwama, na kumbukumbu isiyoongeza chumvi ila pale chakula kinapoidai.

Amma baada ya hayo. Palikuwa na kijana jina lake Theonest mwana wa Rwegasira, mzaliwa wa Kiziba katika nchi ya Bukoba, mrefu wa kimo, mpole wa macho, mwenye mwandiko ulionyooka na miguu namba tisa. Aliishi Kiwalani katika chumba cha kupanga, na kazi yake ilikuwa kuhesabu marobota ya katani kwenye mlango wa ghala moja la barabara ya Pugu. Wapagazi walipita na robota kichwani, naye akapiga mstari. Wakapita wanne, akapiga mistari minne. Akapita wa tano, akaikata ile minne kwa mshazari. Miaka mitano alisimama mlangoni pale, jua likimchoma ubavu mmoja asubuhi na ubavu wa pili jioni, na katika miaka hiyo hakupotewa na robota hata moja. Kwa hiyo tangu hapa tutamwita kwa lakabu yake ya haki, Theonest Asiyekosa Robota.

Shujaa huyu alimpenda Atuganile binti Mwasomola wa Temeke. Alimpenda kweli, sina haja ya kulizungusha neno hilo. Na baba yake Atuganile alikuwa Mwalimu Mwasomola, Mnyakyusa wa kanisa la Moraviani, aliyefundisha watoto kusoma na kuhesabu kwa miaka ishirini na sita, kwanza Tukuyu kisha Temeke, akisimama mbele ya ubao kutwa, mpaka vifundo vya miguu yake vikawa vinavimba kila ifikapo Ijumaa.

Miezi mitano mfululizo, kila Jumapili baada ya ibada, Theonest alikwenda kumsalimu Mwalimu. Alisema hodi, akakaribishwa, akatoa shikamoo, akajibiwa marahaba, kisha akabaki amesimama kwenye ngazi ya baraza, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kaa, na kijana aliyelelewa hakai mbele ya mkubwa mpaka aambiwe. Jumapili ya mwisho kabla ya mambo haya alikusanya moyo akatamka haja yake. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanena.

"Kijana, sina neno na kabila lako, wala na Ukatoliki wako, ingawa yote mawili yangeweza kuwa bora zaidi. Neno langu ni moja tu. Binti yangu haolewi na mtu wa kazi ya wima. Mtu aliyesimama huambiwa toka, naye hutoka. Aliyekaa hafukuziki upesi: mpaka ainuke, mpaka akusanye kalamu zake, huenda aliyemfukuza ameshaghairi. Niletee kazi yenye kiti."

Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetangaza siku ya mtihani, kwamba Jumapili ijayo wangekuja washenga wa Didas, karani wa Posta. Na yule Didas alikuwa na kiti, tena kiti cha kuzunguka, ambacho watu wa Temeke walikuwa wamekwenda mjini makusudi kukitazama. Chelewa chelewa, wahenga wamesema, utamkuta mwana si wako.

Atuganile alimsindikiza mpaka kwenye bomba la maji, mahali ambapo msichana anaweza kusimama na ndoo muda mrefu bila kuulizwa. Theonest alimweleza huzuni yake kwa maneno mengi. Atuganile akamsikiliza mpaka ndoo ikafurika.

"Mie sijataka kiti, nimetaka mtu," alisema. "Lakini baba ndiye baba. Kasema anataka kiti. Basi si ukalete kiti, tumalize maneno?"

Sasa ilikuwa imesadifu kwamba miezi miwili kabla ya hapo walikuja kutoka London watu waitwao Pembridge na Wenzake, wakapanga nyumba ya matofali kandokando ya barabara ya Pugu, wakatundika kibao kusema wao ni Washauri wa Uendeshaji wa Kazi. Watu wa Kiwalani walitaabika sana kuelewa biashara yao. Hawakuuza kitu wala hawakununua, hawakujenga, hawakulima, hawakuponya mgonjwa. Aliyechunguza zaidi alirudi na habari hii: kwamba mwenye kiwanda aliyefanya kazi yake miaka ishirini huwaita watu hao, ambao hawajapata kuifanya hata siku moja, nao huja wakamweleza namna ya kuifanya, naye huwashukuru. Wazee walisikia hayo wakasema dunia imezeeka.

Walakini majuma machache kabla ya Jumapili ile Washauri walitangaza gazetini kwamba wanamtaka kijana mmoja Mwafrika, mwenye hesabu na akili ya kufikiri, awe Msaidizi wa Kupima Kazi. Waliandika barua vijana arobaini. Katika arobaini waliitwa tisa wakapewa mtihani wa hesabu, na katika tisa walibaki watatu: Ansbert mwana wa katekista, aliyefika darasa la kumi na kuzungumza Kiingereza kilichopigwa pasi, Matar mwana wa Mzee Sultan, mwenye duka la Temeke linalouza mafuta ya taa tangu kabla ya vita, na wa tatu, Theonest Asiyekosa Robota. Siku ya kuhojiwa ikawekwa Alhamisi, siku tatu kabla ya washenga wa Posta.

Sikieni basi jinsi shujaa alivyovalishwa silaha zake. Shati lilikuwa lake, limepigwa pasi ya makaa mpaka likaweza kusimama peke yake. Suruali ilikuwa yake pia, isipokuwa pindo. Tai ilikuwa ya mpangaji wa chumba cha pili. Na viatu, ambavyo ndivyo vitakavyotuletea mambo, vilikuwa vya Kornelio fundi cherehani, viatu vyeusi vya ngozi, vinavyong'aa, namba saba. Mama mwenye nyumba, Bi Felicitas, aliitazama miguu ya Theonest, akavitazama viatu, akasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Theonest akamjibu kwa adabu kwamba hizi si nguo. Alivibeba mkononi kutoka Kiwalani ili visipate vumbi, na alipofika langoni kwa Washauri akainama, akavuta pumzi, akaiingiza miguu namba tisa katika ngome namba saba, na macho yakamtoka machozi ya kwanza ya siku hiyo.

Kwenye baraza ya nyumba ile palikuwa na benchi moja. Juu ya benchi alikaa Mzee Jamali, tarishi wa Washauri, na kando yake kifurushi chake cha chakula, kimenyooshwa kwa raha. Vijana watatu walimwamkia, akawaitikia, akawaambia wangoje. Hakuwaambia wakae, na kifurushi cha mzee hakisogezwi na kijana. Wakangoja wima, wamepangana kwa kimo.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Ansbert. Aliingia akiwa ameinua kidevu, akakaa humo ndani saa nzima, akatoka akiwa amekishusha. Wenzake walimwuliza habari. Akasema ndani wamo Wazungu wawili: kijana mmoja anayeandika tu, na Bwana Pembridge mwenyewe, mzee wa kiko, aliyekuwa afisa wa Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kule Burma, na huko ndiko alikopata Kiswahili chake. Swali lilikuwa moja. Wanataka kujua watu wa Temeke hununua madebe mangapi ya mafuta ya taa kwa mwezi.

Ansbert alikuwa amefikiri vizuri, akatoa hesabu isiyo mbaya. Ndipo Bwana akasema, huku akimtazama kwa jicho moja, kwamba yeye anaona ni nusu yake. Ansbert akajibu ndiyo Bwana, ni nusu. Bwana akasema labda ni robo. Ndiyo Bwana, ni robo. Maana baba yake katekista alimfundisha kwamba mkubwa habishiwi. Wakashuka hivyo hatua kwa hatua mpaka Temeke nzima ikabaki gizani, na Ansbert akashukuriwa akaambiwa aende. Alisimulia haya bila uchungu, akijipapasa magoti.

Wa pili aliitwa Matar. Theonest alipomwona akiingia alikata tamaa, kwa sababu hapakuwa na kijana Dar es Salaam nzima aliyejua habari za mafuta ya taa kumshinda Matar. Alizaliwa juu yake. Kumbe silaha kali ndiyo humkata mwenyewe. Bwana alimwuliza, duka lenu linauza madebe mangapi? Matar akajibu, Alhamdulillahi, twashukuru. Bwana akamwuliza tena. Matar akasema riziki haikosi. Mara ya tatu akasema mwenye kujua ni Mungu. Idadi ilikuwa kichwani mwake, tangu debe la juzi mpaka la mwaka wa kwanza wa vita. Lakini katika ukoo wao, kutoka kwa babu wa babu, hapajatokea mtu aliyemweleza mgeni jinsi duka linavyouza, na kinywa kilikataa katakata amri ya akili.

"Na kiti kipo, ndugu yangu," Matar alimwambia Theonest huku akishika nguzo ya baraza. "Kipo mbele ya meza, kitupu, kinakutazama. Saa nzima nimekitazama nacho kikanitazama. Hakuna anayesema kaa."

Theonest Asiyekosa Robota akaitwa.

Alisema hodi, akaingia, akaamkia. Chumba kilikuwa kipana, meza ndefu, feni inazunguka juu. Nacho kiti kilikuwepo kama kilivyonenwa: cha kukunja, miguu ya mbao ngumu na kalio la turubai ya kijani iliyofifia, mikono miwili imeng'arishwa kwa viwiko vya miaka mingi. Ndani ya chumba kile Mzungu alidhani mtu akiona kiti atakaa, na kama hakai ni kwa kupenda kwake. Na katika jeshi la Keya hakuona mtu aliyekaa mbele yake, hivyo watu wima hawakumshangaza. Na Mwafrika alijua kiti si cha kila akionaye, ni cha aliyekaribishwa. Basi kila upande uliuheshimu upande wa pili, na kiti kikabaki kitupu tangu asubuhi.

Swali likaulizwa. Theonest akafumba macho akaanza kuhesabu kwa sauti, akipiga mistari hewani kwa kidole kama alivyozoea ghalani. Nyumba za Temeke, kwa aliyezipita kila Jumapili miezi mitano akizitazama moja moja ili asifike mapema, ni kama elfu moja na mia mbili. Kila nyumba vyumba sita. Ndivyo vyumba elfu saba na—

Hapo kidole gumba cha mguu wa kushoto, kilichokuwa kimevumilia tangu langoni, kikaasi. Maumivu yalipanda kwa goti, yakapita kiunoni, yakafika kichwani, na vyumba elfu saba na mia mbili vya Temeke vikatawanyika pamoja na wapangaji wao. Mtu ambaye hakupata kupoteza robota akapoteza mtaa mzima.

Akaomba radhi, akaanza tena. Nyumba, vyumba, na kila chumba koroboi moja. Koroboi hula chupa moja ya mafuta kwa wiki. Chupa nne kwa mwezi, mara vyumba vyote, ni chupa elfu ishirini na—

Kisigino cha kulia kikajiunga na uasi. Chupa zote zikavunjika.

Bwana Pembridge akatazama saa yake. Yule kijana mwandishi akachovya kalamu katika wino, na Theonest aliyajua matendo hayo. Ndivyo msimamizi wa ghala alivyofanya kabla ya kufuta jina la mpagazi. Akaona Jumapili inakuja. Akawaona washenga wa Posta kwenye baraza ya Mwalimu, wote wamekaa. Akamwona Atuganile analeta chai, na yeye mwenyewe yuko mbali mlangoni pa ghala, akipiga mistari ya robota mpaka uzeeni.

Akakitazama kiti. Baba yake, Rwegasira, alikuwa akipiga magoti mbele ya mkungu, yaani jumbe wa Kiziba, na hata siku alipopewa kigoda alikikalia kwa pembe tu, ili isije ikadhaniwa amekizoea. Kukaa mbele ya mkubwa bila kuambiwa! Katika ukoo wao mtu aliweza kusamehewa kuiba ndizi, lakini si hilo. Mapigano yaliyotokea ndani ya kifua chake katika dakika ile sitayaeleza yote; itoshe kusema pande zote mbili zilikuwa na hoja, na upande mmoja ulikuwa na miguu.

Ndipo akanena, na maneno yake Mzee Jamali aliyasikia dirishani, nami nimeyapata kwake.

"Bwana, mimi nimefundishwa nisikae mbele ya mkubwa mpaka niambiwe. Nimengoja kuambiwa, na wenzangu wawili walingoja kabla yangu. Naona leo hakuna atakayesema. Hesabu uliyonipa ni ndefu, na viatu hivi si vyangu. Nikisimama utapata adabu yangu. Nikikaa utapata jibu lako. Hayo mawili pamoja sina."

Wala hakungoja jawabu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akapiga hatua mbili, akageuka, akashika mikono ya kiti, magoti yakakunjika kama yalivyoumbwa.

Akakaa.

Feni iliendelea kuzunguka. Kalamu ya kijana mwandishi ikadondosha tone la wino juu ya karatasi. Bwana Pembridge akaondoa kiko kinywani, akamtazama Theonest, akapatazama pale mahali alipokuwa amesimama, akasema polepole, "Mimi nafikiri ninyi hapana penda kiti."

Theonest akasema kiti wanakipenda sana. Kisha, kwa ruhusa ambayo sasa hakuiomba, akafungua kamba za viatu, na hesabu zikarudi zenyewe, zimepangana kama wapagazi asubuhi. Chupa ni elfu ishirini na nane na mia nane. Debe moja ni chupa ishirini na nne. Jawabu ni madebe elfu moja na mia mbili. Yaani kila nyumba debe moja kwa mwezi, Bwana anaweza kwenda kuuliza nyumba yoyote. Mwezi wa Ramadhani yaongezwe, kwa sababu ya daku. Siku za mbalamwezi yapunguzwe, kwa sababu watu huketi uani bure.

Bwana akafumba jicho moja. Akasema yeye anaona ni nusu, maana watu wa Temeke hulala mapema.

Hapa ndipo Ansbert alipoanguka. Lakini Ansbert alikuwa amesimama. Theonest aliegemea turubai, akamwuliza kwa upole mkubwa kama yeye Bwana amewahi kulala Temeke. Bwana akasema hapana. Theonest akasema basi ni madebe elfu moja na mia mbili.

Wazungu wakanong'onezana. Bwana akatamka kwamba kazi ni yake, aanze Jumatatu, na barua ikaandikwa palepale. Atapewa saa ya kupimia. Atasimama kwenye milango ya viwanda na maghala, kuanzia asubuhi mpaka jioni, akiandika kila mtu anatumia dakika ngapi kwa kila jambo.

Theonest akasikia neno moja tu katika hayo yote. Atasimama. Mshindi aliteka mji, akafungua milango, akaukuta ni ule ule alioukimbia. Moyo ulimshuka mpaka kwenye soksi. Angeweza kunyamaza akashukuru, na wengi wetu tungefanya hivyo. Lakini mtu akishakaa mara moja si yule wa zamani.

"Bwana, kazi hiyo nataka niifanye kwenye kiti," akasema. "Si kwa uvivu. Mimi nimesimama mlangoni mwa ghala miaka mitano. Mtu akisimama na karatasi, wapagazi humwona nyapara. Wakimwona nyapara hukimbia, akigeuka huweka robota chini. Ukimtuma mtu asimame apime kazi, atakuletea kipimo cha woga. Lakini mtu aliyekaa hakuna anayemwogopa. Humdhania anamngoja ndugu yake. Watamsahau, watafanya kazi kama siku zote, naye ataandika. Nipe kiti nikuletee kweli."

Bwana Pembridge alivuta kiko chake mpaka kikazimika. Inasemekana alikuwa ameshapima kazi katika viwanda kumi na saba vya Uingereza, kila mara kwa watu waliosimama, na kwamba dakika ile alivipitia vyote kumi na saba kimoja kimoja. Hatimaye akainuka, akazunguka meza. Theonest naye akainuka. Bwana akakikunja kile kiti kwa mikono yake mwenyewe, akakitia kwapani mwa shujaa.

"Kiti hii yangu," akasema. "Toka Burma. Miaka minane nakaa hii. Chukua."

Ikawa saa saba ya mchana. Theonest alitoka na kiti kichwani, viatu vya Kornelio vimening'inia shingoni kwa kamba zake, barua mfukoni, na miguu namba tisa inakanyaga mchanga wa barabara ya Pugu kwa raha isiyo kifani. Mzee Jamali alipoona hayo alikisogeza kifurushi chake kwenye benchi, akakaa akifikiri. Matar alimsindikiza mpaka njia panda, akampa mkono, akasema kwake hana kinyongo, lakini laiti wangalijua asubuhi kwamba kukaa kunafaa. Theonest hakuelekea Kiwalani. Alishika njia ya Temeke, na kila aliyemwuliza anapeleka wapi kiti alijibiwa kwamba kimeagizwa.

Mwalimu Mwasomola alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka shuleni, amesimama barazani, bega kwenye nguzo, vifundo vimeanza kuvimba ingawa ilikuwa bado Alhamisi. Theonest alisema hodi, akaamkia, akabaki kwenye ngazi ile ile ya miezi mitano. Akatoa barua. Mwalimu aliisoma mara mbili, mara ya pili akitafuta makosa. Kisha akakizunguka kiti, akakitikisa, akakikunja, akakikunjua.

"Kinakunjwa," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kazi yenye kiti kinachokunjwa, si nayo itakunjwa siku moja?"

Atuganile alikuwa mlangoni, ameshika ungo. Theonest alijua kwamba hapa ndipo penye vita vyenyewe, na kwamba hana silaha iliyobaki isipokuwa ukweli. Akaeleza yote, tangu viatu mpaka Burma. Mwalimu alisikiliza bila kuvua miwani.

"Kwa hiyo hawakukupa," akasema. "Uliomba."

"Niliomba, Mwalimu."

 Mwalimu alitazama upande wa shule, ambako kulikuwa na kiti kimoja tu, cha mkaguzi, na mkaguzi alikuja mara mbili kwa mwaka.

"Miaka ishirini na sita," alisema. "Mimi sikuwahi kuomba."

 Theonest alikichukua kiti, akakipandisha barazani, akakiweka kivulini mgongo wake ukiwa ukutani, akapangusa turubai kwa kiganja. Kisha akarudi kwenye ngazi yake, akasimama.

"Kaa, Mwalimu," alisema.

Na Mwalimu akakaa. Turubai ililia kidogo, ikampokea. Miguu yake miwili aliinyoosha mbele, polepole, mmoja baada ya mwingine, akaiangalia kama watu aliowafahamu zamani. Alikaa hivyo muda wa mtu kusali sala ndefu. Kisha, bila kugeuza kichwa, akatamka maneno ambayo Washauri hawakuyatamka asubuhi nzima, na ambayo shujaa wetu aliyangoja miezi mitano juani.

"Atuganile, mletee kijana mahali pa kukaa."

Atuganile aliweka ungo chini. Akaenda jikoni, akatoka na kigoda chake mwenyewe, kile cha kukunia nazi, amekwisha kuling'oa jino lake. Akakiweka karibu na kiti cha baba yake, akakipangusa kwa ncha ya khanga ingawa hakikuwa na vumbi.

"Haya, kaa," alimwambia. "Umesimama sana."

Theonest Asiyekosa Robota akakaa.

Jumapili washenga wa Posta walikuja, wakapewa chai na maandazi, wakasikia habari, wakarudi na heshima zao. Didas aliendelea kuzunguka katika kiti chake mpaka akapata mke Kinondoni, nasi hatuna ugomvi naye. Pembridge na Wenzake waliandika katika kitabu chao cha kanuni kwamba mtu akiingia chumbani aambiwe kaa, na kanuni hiyo, wanasema, ilipelekwa mpaka London, ambako ilijadiliwa. Na Theonest alikwenda kazini Jumatatu na kile kiti kichwani, akakirudisha kila Jumamosi, ili Jumapili Mwalimu akikalie.

Hayo ndiyo yaliyotendeka, na tarehe yake mmeisikia, iandikeni mlangoni kwa chaki kama hamna wino. Nanyi mlionisikiliza wima tangu mwanzo mkiegemea ukuta, mkingoja mtu aseme: benchi lile pale ni tupu.